Kilo Mbili za Kwenda Bembeani

Si zamani sana, katika nchi ya Tabasamu, ambayo haimo kwenye ramani kwa sababu Wizara ya Ramani bado inasubiri karatasi, Serikali iliamua kwamba wananchi wafurahi. Uamuzi ulipita kwa kura zote, pamoja na kura za waheshimiwa waliokuwa wamesinzia. Ikajengwa Bustani ya Taifa ya Bembea, yenye farasi wa bati wanaozunguka, treni ya vitoto, na gurudumu kubwa linalompandisha mtu juu hadi auone mji mzima, kisha likamshusha kabla hajaanza kuuliza maswali. Ikaundwa na wizara ya kuisimamia, nayo ikaitwa Wizara ya Furaha na Uzani.

Kwa nini Furaha iliozwa kwa Uzani, Waziri mwenyewe alieleza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, na hapo akanywa maji, maana alikuwa mtu wa hotuba ndefu, "utafiti wa kina umebaini kwamba binadamu hawezi kucheka sawasawa akiwa amebeba mzigo. Tumewachunguza wapagazi mia tatu pale stesheni. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Tuliwatekenya, wakatutukana. Sayansi imesema!"

Basi ikatoka Amri ya Wepesi. Kila familia itakayoalikwa Bembeani itabeba mfuko mmoja usiozidi kilo mbili, iwe ina watoto wawili, iwe ina kumi. Chini kabisa ya amri hiyo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa: Kisichobebwa kimesamehewa. Wachache walioona maneno hayo walidhani ni methali.

Mtaa wa kwanza kualikwa, bila kiingilio, ulikuwa Vibuyuni, wenye nyumba tisini zilizopakana na ukuta wa bustani yenyewe. Watu walifurahi kweli. Wakasema Serikali ni muungwana, imeanza na jirani.

Sasa, pale Vibuyuni palikuwa na mwalimu wa chekechea jina lake Sikudhani. Alikuwa na watoto watatu: Chausiku wa miaka sita, Sudi wa minne, na Riziki ambaye alikuwa bado anatambaa. Mumewe, Hamduni, aliendesha katapila katika Idara ya Ujenzi. Sikudhani alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuwahi kumpatia hata soda: aliweza kusafiri siku tatu na watoto wote hao akiwa na mfuko mmoja wa begani, wakarudi wote wameshiba na wako safi. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Mama kupanga mfuko ni kama kuku kutaga, nani atampigia makofi?

Ila Wizara ilimpigia makofi. Alikuja Mkurugenzi wa Wepesi, Bwana Lwambano, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akamteua kuwa Mama Mwepesi wa Mtaa. Akamvisha mshipi wa kijani na kumkabidhi mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Sikudhani aliitundika mizani ile kwenye kenchi ya paa la darasa lake na siku nzima akawa anaitazama. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na ilikuwa mara ya kwanza Serikali kumwita kwa jina.

Jumamosi alikusanya kina mama wa mtaa uwanjani mwa shule.

"Nepi tatu," aliwaambia, "wala si kumi. Ukibeba kumi, mtoto atazimaliza zote kwa kukukomoa. Kanga moja: hiyo ndiyo mbeleko, ndiyo mkeka, ndiyo taulo, ndiyo kivuli jua likiwaka. Chupa moja ya maji, mtaijaza hukohuko. Vitu vya kuchezea acheni. Mtoto anakwenda kwenye michezo, mchezo wa kubeba wa nini? Na biskuti, kila mtoto atie mfukoni mwake. Mfuko wa kaptura haupimwi."

Walicheka, wakaandika. Hata wasiojua kuandika waliandika.

Ndipo akasogea Bi Mosi, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Alikuwa amekumbatia kopo la biskuti lililofungwa kamba.

"Mimi nataka kubeba na hili, mwalimu. Ni hati ya nyumba. Tangu marehemu afariki sijawahi kuvuka kizingiti bila hili kopo."

Sikudhani alilipima. Robo tatu ya kilo.

"Bi Mosi, mama yangu," alisema, na kwa sababu watu walikuwa wakimsikiliza, akapaza sauti kidogo, "hati nayo inakwenda kupanda farasi? Ukibeba hili, uji wa wajukuu utauacha. Nyumba itakimbilia wapi?"

Uwanja mzima ulicheka. Bi Mosi naye alicheka, kwa kuona haya, akaenda kulirudisha kopo juu ya kabati.

Jioni ya kuamkia safari, Sikudhani alikuwa amepiga magoti chumbani akipanga mfuko wake. Hamduni aliingia. Katika miaka minane ya ndoa mtu huyu hakuwahi kujua nepi zinakaa wapi, lakini jioni hiyo alichuchumaa pembeni akamsogezea vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti chake cha ualimu, na picha yao ya harusi ikiwa ndani ya fremu.

"Beba na hivi."

"Vya nini?"

"Beba tu, mama Chausiku."

"Huko wanaingia kwa vyeti? Wewe Chausiku, hebu njoo umwone baba yako, anataka picha ya harusi ipande treni!"

Mtoto akacheka. Hamduni hakucheka. Alizunguka chumba, akashika sufuria, akaiweka. Akashika cherehani, akaipapasa kama mtu anavyopapasa mgongo wa ng'ombe.

"Ungeweza kubeba sufuria?" aliuliza.

"Baba Chausiku, una homa?"

Alifungua mdomo. Sikudhani alisubiri. Mdomo ukafungwa.

"Kesho nina zamu," alisema Hamduni. "Nendeni salama."

Asubuhi malori yalijipanga mbele ya shule, na kila familia ikapima mfuko hadharani. Mfuko wa Mama Mwepesi ulitundikwa wa kwanza, uwe mfano. Mshale ukaenda, ukafika mbili, ukapita. Minong'ono ikaanza. Bwana Lwambano alitia mkono chini kabisa ya nepi akatoa fremu ya picha na bahasha ya vyeti, akaviinua juu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Ahaa! Hata mwalimu wa wepesi ana uzito wa moyo!"

Watu waliangua kicheko. Sikudhani alihisi masikio yakiwaka. Hamduni alikuwa ameviingiza kwa siri, na sasa mkewe anaaibika mbele ya mtaa mzima! Alivichukua, akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi nyumbani, akavilaza kitandani vizuri, akafunga mlango kwa ufunguo. Kurudi kwenye mizani, mfuko ulikuwa kilo mbili kasoro kidogo. Makofi yalipigwa.

*

Tusiseme uongo: Bembeani kulikuwa kuzuri. Riziki alipiga kelele kila alipomwona farasi wa bati. Chausiku alipanda treni mara nne. Bi Mosi alikaa kwenye kikombe kikubwa kinachozunguka, akiwa amewashika wajukuu huku na huku, akicheka hadi meno ya pembeni yakaonekana. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mzigo, hakuna aliyekaa kulinda mzigo. Sikudhani aliwatazama akajisemea, hii ni kazi yangu. Akaunyoosha mshipi wake.

Saa tano aliwaacha Chausiku na Riziki kwa Bi Mosi, yeye akapanda gurudumu kubwa na Sudi. Kijana wa pale aliwafungia chuma cha mapajani, gurudumu likaanza kupanda. Waliuona ukuta kwa juu. Wakaona ng'ambo ya ukuta.

Mara ya kwanza Sikudhani aliona vumbi tu, akadhani ni upepo.

Mara ya pili aliona magari matatu ya manjano, na pale palipokuwa na nyumba ya fundi saa palikuwa na anga.

"Kaka!" aliita walipofika chini. "Kaka, tushushe!"

"Tiketi ni mizunguko sita, dada," alisema yule kijana kwa adabu. "Kanuni haziniruhusu kukupunja."

Mara ya tatu ukuta wa Bi Mosi ulikuwa unainama, polepole, kama mtu anayerukuu. Kabati lilionekana lote, limesimama peke yake katikati ya vumbi, halafu halikuonekana.

Mara ya nne alimwona dereva wa katapila la mbele. Alikuwa amejifunga kichwani taulo la bluu lenye pindo jeupe. Pindo hilo Sikudhani alilishona mwenyewe.

"Mama!" Sudi alishangilia, akasimama kadiri chuma kilivyomruhusu. "Mama, baba yule! Babaaa!"

Mtoto alipunga mikono yote miwili. Dereva aliinua uso. Ilikuwa mbali, na kulikuwa na muziki, haiwezekani awe alisikia. Lakini aliinua uso akalitazama gurudumu, kisha akauinamisha tena.

Mara ya tano Sikudhani alifumba macho. Mara ya sita aliyafumbua, kwa sababu aliona ni vibaya kitu kile kifanyike bila mtu wake kukitazama. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika safu. Hamduni alikuwa ameiacha ya mwisho. Alirudi nyuma kidogo, akasimama kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Alhamdu, kisha akaenda.

"Baba anajua kuendesha sana," alisema Sudi.

*

Lango la bustani lilikuwa limefungwa hadi saa kumi, kwa sababu furaha ya taifa haikatizwi. Sikudhani alikimbilia askari wa lango, akapewa puto. Alipiga kelele, wapiga muziki wakaongezewa sauti. Kufikia saa kumi, Vibuyuni wote walikuwa wamekwisha kupanda gurudumu au kusimuliwa na aliyepanda, na palikuwa kimya kabisa chini ya muziki ule. Ndipo Bwana Lwambano akapanda jukwaani.

"Wananchi wapendwa wa iliyokuwa Vibuyuni," alianza. "Leo asubuhi, mbele ya mashahidi na mizani halali ya Serikali, kila mmoja wenu alichagua kwa hiari yake vitu anavyovithamini. Vilikuwa kilo mbili. Vingine vyote mmevisamehe, na Serikali, kwa unyenyekevu mkubwa, imepokea msamaha wenu. Hapo patajengwa maegesho ya magari ya wageni wa Bembea. Naomba makofi kwa mtu ambaye bila yeye tusingefika hapa. Mama Mwepesi, simama tukuone!"

Hakukuwa na haja ya kusimama. Walikuwa wamekwisha kumgeukia.

Bi Mosi alimwendea taratibu. Hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba.

"Mwanangu, ulijua?"

"Sikujua, Bi Mosi. Wallahi sikujua."

"Basi nani alijua?"

Sudi, ambaye siku nzima alikuwa akingoja mtu wa kumsimulia, ndiye aliyejibu.

"Baba yangu alikuwa anaendesha katapila! Mimi nilimpungia!"

*

Shule ilikuwa imebaki, kwa kuwa ilikuwa na bendera na hakuna aliyejua utaratibu wa kuishusha. Humo ndimo Vibuyuni walimolala, na mlangoni mwa shule ndipo Hamduni alipomsubiri mkewe, vumbi jeupe limemjaa usoni kama mtu aliyetoka kinuni.

"Niliapishwa," alisema kabla hajaulizwa. "Madereva wote tuliapishwa Kiapo cha Siri ya Furaha. Ningesema, ningefungwa. Lakini nilijaribu kukuambia, mama Chausiku. Mungu anajua nilijaribu."

"Kwa sufuria?"

"Nilikutilia vyeti. Nilikutilia na picha."

"Ulinitilia vyeti." Sauti yake ilikuwa chini. "Ulimi unao kinywani, mwanamume mzima, ukanitilia vyeti. Nikawacheka wenzangu na makopo yao, wewe upo. Nikavirudisha mwenyewe kitandani, ukavipitia juu."

"Ningekataa, ile mashine wangempa mtu mwingine."

"Wangempa. Na nyumba ingevunjwa na mtu nisiyemjua. Mtu nisiyemjua ningemsamehe."

Alimpita akaingia ndani na watoto. Mlango haukuwa na kitasa, lakini Hamduni hakuusukuma.

*

Baada ya siku kumi ilifika barua yenye mihuri minne. Sikudhani ametunukiwa Nishani ya Wepesi, Daraja la Pili, na anatakiwa kwenda mtaa wa Kwamfinyanzi, uliopakana na bustani kwa upande wa pili, kuwaandaa wananchi kwa mwaliko wao. Kina mama wa Vibuyuni walimtazama akiisoma. Wengi walikuwa hawasemi naye tangu siku ile. Waliokuwa wanasema naye walisema mambo ya chumvi na kiberiti tu.

"Utakwenda?" aliuliza Bi Mosi.

"Nitakwenda."

Mmoja wao alitema mate chini. Sikudhani alijifunga mshipi wa kijani, akachukua mizani yake, akaenda.

Uwanja wa Kwamfinyanzi ulikuwa umejaa. Bwana Lwambano alikaa nyuma yake kwenye kiti cha enzi cha plastiki, ameshika nishani katika kikasha. Kina mama walishika kalamu.

"Amri inasema mfuko mmoja, kilo mbili," alianza Sikudhani, na Bwana Lwambano akaitikia kwa kichwa. "Mizani hii haidanganyi. Kwa mizani hii nilipima mtaa mzima wa Vibuyuni, familia tisini. Leo Vibuyuni wote, na babu zao, na vitanda walivyozalia, na hati zao, ni kilo mia na themanini. Anayetaka kujua zilizobaki ziko wapi, azunguke ukuta ule wa bustani akatazame."

Kalamu zilisimama. Mwanamke mmoja wa nyuma, mfinyanzi mwenye udongo hadi viwikoni, aliinua mkono.

"Sasa mwalimu, tubebe nini?"

"Msibebe kitu. Msiende."

Kipaza sauti kilizimwa, lakini neno lenyewe lilikuwa fupi, lilishatoka.

Siku ya mwaliko malori yalipiga honi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu. Hakuna aliyepanda. Gazeti la Serikali, ambalo lilikuwa limeshachapwa, liliripoti kwamba wananchi wa Kwamfinyanzi walifurika Bembeani wakabubujikwa na machozi ya shukrani.

Saa tatu na nusu yalikuja makatapila. Kila kizingiti kilikuwa na mtu amekaa. Kizingiti cha kwanza, cha yule mfinyanzi, kilikuwa na baraza refu, na hapo alikaa Sikudhani na Riziki mapajani, Chausiku na Sudi pembeni yake. Bi Mosi alikuja akakaa naye. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Sogea kidogo."

Katapila la mbele lilisimama hatua sita kutoka kwao. Hamduni aliinama nje ya kibanda chake.

"Mama Chausiku, ondoka hapo!"

Aliyejibu ni Bi Mosi.

"Endesha, baba. Yangu uliipitia, na hii ipitie."

"Ongeza moto!" alipiga kelele Bwana Lwambano kutoka nyuma ya miwani yake. "Dereva, hao wamekwisha kusamehewa! Namaanisha, hao wamekwisha kujisamehe! Ongeza moto!"

Mashine ilinguruma, moshi mweusi ukapanda. Riziki alianza kulia. Sikudhani alimfunika masikio na kanga, hakunyanyuka. Alijua mikono ya mumewe ilivyo pale juu, ni mikono iliyowahi kumbeba mtoto huyu siku ya kwanza. Na wakati huohuo alijua pia mikono hiyo inaweza kufanya nini. Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba amekaa mbele ya mume wake na hana hakika.

Injini ilizimika.

Hamduni alichomoa ufunguo, akashuka. Kichochoro kilikuwa chembamba, na makatapila mawili ya nyuma hayakuwa na pa kupita. Bwana Lwambano alimkumbusha kiapo, jela, na pensheni, kwa mpangilio huo. Hamduni aliutupa ufunguo ndani ya choo cha shimo cha mfinyanzi, akaja hadi barazani.

Mtaa wa Kwamfinyanzi bado umesimama hadi leo. Gazeti la Serikali limeeleza kwamba kazi imesitishwa kwa muda kutokana na upungufu wa dizeli, na Wizara inaendelea kuutafakari upungufu huo.

Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hivyo. Hamduni alisimama mbele ya baraza akisubiri. Bi Mosi alijivuta upande wake, nafasi ikapatikana ya nusu mtu. Sikudhani hakusogea. Mumewe alitazama nafasi ile, akamtazama na yeye, kisha akakaa chini, juani, mgongo kwenye gurudumu la minyororo la katapila. Sudi alimkimbilia akamkalia mapajani, na mama yake hakumkataza.

Jua lilipopanda, Hamduni aliomba maji. Sikudhani aliinuka, akachota kwa kata kwenye mtungi wa mfinyanzi, akampa kwa mkono wa kulia, kama anavyopewa maji mpita njia yeyote, na akangoja amalize ili arudishe kata ya watu.